Laptopu ya Ofisi Inacheza Gemu

Muulize muuza kompyuta wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue kama laptopu ya mtumba, ile iliyofanya kazi ofisini Ulaya miaka mitano kisha ikaletwa kwa kontena, inaweza kucheza gemu. Jibu linakuwa tayari mdomoni: hiyo ni ya kuandikia barua na kutazama filamu, ukitaka gemu, ongeza hela uchukue yenye kadi yake ya grafiki. Kijana akimwendea rafiki anayeaminika kuzijua kompyuta, anaambiwa hayo hayo kwa maneno makali zaidi. Akiingia mtandaoni, anaelekezwa ama anunue mashine mpya, ama apakue programu ya bure itakayoipa mashine yake kasi kwa kubonyeza mara moja. Katika wote hao, hakuna anayemwambia ahesabu vipande vya RAM vilivyomo ndani ya laptopu yake.

Nayapinga majibu yote mawili. La kwanza linamtuma mtu akatafute fedha asizonazo, la pili linamfanya asikijue kitu anachokimiliki. Yote mawili yanasimama juu ya dhana moja, kwamba kasi ya gemu ilishaamuliwa kiwandani na mwenye laptopu hana la kufanya ila kulipa au kuomba muujiza. Dhana hiyo si kweli, na inaweza kupimwa.

Tuitazame mashine yenyewe. HP EliteBook 840 G3 ni mfano mzuri kwa kuwa imejaa madukani kwetu. Ina prosesa ya Intel ya kizazi cha sita, iliyotoka 2015, yenye kima cha wati 15, na ndani ya chipu hiyo hiyo mna grafiki iitwayo HD Graphics 520. Mwenzake wa miaka michache baadaye, ThinkPad T480, ana UHD 620. Wanaosema hizi si mashine za gemu wana ukweli kiasi: hazikukusudiwa. Lakini kukusudiwa ni jambo moja na kuweza ni jambo jingine. Riot Games walipotoa Valorant Juni 2020, kima cha chini walichokitaja kwa fremu 30 kwa sekunde kilikuwa Intel HD 4000, grafiki ya mwaka 2012 iliyo dhaifu kuliko ile ya EliteBook. Yaani kampuni yenye gemu inasema inawezekana, muuza duka anasema haiwezekani, nasi tunamwamini muuza duka.

Iko hoja nzito zaidi ya hiyo. Februari 2022 kampuni ya Valve ilitoa Steam Deck, kompyuta ya mkononi inayocheza Elden Ring na gemu nyingine kubwa za wakati wake. Chipu yake hutumia kati ya wati 4 na 15, na hizo 15 ndizo kima cha prosesa ya laptopu yetu ya mtumba. Grafiki yake, nakiri, ni mpya zaidi na ina nguvu zaidi kwa mbali. Lakini waliitengenezea skrini ya pikseli 1280 kwa 800, wala hawakuona aibu. Nintendo Switch ya 2017 ina RAM ya gigabaiti 4 tu, na Oktoba 2019 ilipokea The Witcher 3, ikichorwa kwa mistari isiyozidi 540 inaposhikwa mkononi. Wahandisi walioifanya kazi hiyo hawakupewa mashine yenye nguvu. Walichofanya ni kuuliza ni kitu gani hasa kinachoikwamisha ile waliyopewa, wakashughulika na hicho. Swali hilo ndilo ambalo kwetu haliulizwi.

Katika laptopu nyingi za mtumba, kinachokwamisha ni RAM, na hapa nataka tukae kidogo, maana ndipo uongo wa dukani unapotugharimu zaidi. Kadi ya grafiki inayojitegemea ina kumbukumbu yake. GTX 1050, kadi ya bei nafuu ya zamani kidogo, husafirisha data kati yake na kumbukumbu hiyo kwa gigabaiti 112 kwa sekunde. HD 520 haina kumbukumbu yake. Inaazima RAM ya kompyuta na kugombania njia na prosesa. Kipande kimoja cha RAM aina ya DDR4-2133 kinapitisha gigabaiti 17 kwa sekunde. Ukiweka vipande viwili vinavyolingana, prosesa huvisoma sambamba na njia inakuwa gigabaiti 34. Hakuna chipu iliyobadilishwa, hakuna programu iliyopakuliwa. Grafiki iliyokuwa ikikaa kusubiri data sasa inaipata.

EliteBook 840 G3 ina sloti mbili za RAM. T480 vilevile. Lakini nyingi zinauzwa na kipande kimoja cha gigabaiti 8, na mnunuzi anaambiwa “RAM ni 8, inatosha kabisa.” Kwa kuandika barua inatosha. Kwa gemu, vipande viwili vya 4 vinakishinda kimoja cha 8 ingawa jumla ni ile ile. Muuzaji hutaja jumla kwa sababu ndiyo aliyoizoea, na mnunuzi haulizi kwa sababu hakuna aliyemfundisha kwamba kuna la kuuliza. Fungua Task Manager ya Windows, nenda penye kumbukumbu, utaandikiwa sloti ngapi zinatumika kati ya zilizopo. Ikiandika moja kati ya mbili, basi kabla ya kuitukana laptopu, tafuta kipande cha pili cha aina hiyo hiyo. Mafundi wanavyo, vilivyotolewa kwenye mashine zilizokufa, kwa bei ambayo haikaribii hata kidogo ile ya laptopu nyingine. Ziko laptopu nyembamba ambazo RAM yake imechomelewa kwenye ubao na hazina sloti. Mwenye hizo jambo hili halimsaidii, na afadhali alijue kabla ya kununua.

Anayedhani nakuza mambo aitazame Intel yenyewe. Kwenye prosesa zake nyingi za kizazi cha 11, grafiki hujitambulisha kwa jina la Iris Xe pale tu RAM inapofanya kazi kwa njia mbili. Ikiwa na kipande kimoja, chipu ile ile hujiandika UHD Graphics, jina la daraja la chini. Mtengenezaji amekataa kuipa chipu yake jina la heshima ikiwa imekalia njia moja. Sasa wapo watu waliolipia Iris Xe, wanacheza na UHD, na kila wanayemuuliza anawashauri wanunue laptopu nyingine.

Kikwazo cha pili ni joto na umeme. Wati 15 za chipu hizi zinaliwa na prosesa na grafiki kwenye sinia moja: anayemega tonge kubwa anampunguzia mwenzake. Prosesa ya Intel ina tabia ya kujipandisha kasi inapoona kazi, na katika gemu inayoelemea picha kujipandisha huko mara nyingi hakuna faida, kwani anayesubiriwa ni grafiki. Basi prosesa inakula wati, joto linapanda, na grafiki inabaki na makombo. Ndani ya mipangilio ya umeme ya Windows kuna mahali pa kuweka kikomo cha juu cha prosesa. Ukikiweka asilimia 99 badala ya 100, kule kujipandisha kunazimika. Kwenye Core i5-6300U maana yake ni kushuka kutoka gigahezi 3.0 hadi 2.4. Gemu fulani zitakuwa nzito zaidi kwa kufanya hivyo, hasa zile zenye hesabu nyingi za majeshi au miji, na mtu ajaribu aone. Lakini katika nyingi zinazoelemea picha, laptopu inapoa, feni inanyamaza, na fremu zinatulia au hata kuongezeka. Kupunguza kasi ili kupata kasi! Ushauri wa “nunua yenye nguvu zaidi” hauwezi kumfikisha mtu hapo, kwa sababu unadhani nguvu ikizidi popote ni faida kila mahali.

Joto lina sababu nyingine iliyo wazi kwa yeyote anayeishi penye vumbi. Laptopu iliyokaa kazini miaka mitano ina utando wa vumbi kati ya feni na mapezi ya kupozea, na pesti inayounganisha prosesa na bomba la shaba imekauka. Chipu ikikaribia nyuzi 100 inajipunguza kasi yenyewe ili isiungue. Mchezaji anaona gemu ikianza vizuri, kisha baada ya dakika kumi inaanza kukatakata. Hiyo ni dalili ya joto, na dawa yake ni fundi mwenye brashi, bisibisi na pesti mpya. Anayempeleka mtu huyo dukani kununua laptopu nyingine anamuuzia gari kwa sababu ya chujio lililoziba.

Na chaja. Dell nyingi huitambua chaja kwa waya mwembamba ulio katikati ya plagi. Ukichomeka ya bandia isiyotambulika, mashine hutoa onyo inapowaka, hukataa kuchaji betri, na hushusha prosesa hadi kasi ya chini kabisa. Watu hulibonyeza onyo lile lipite kila asubuhi kwa miezi, kisha wakasema laptopu imezeeka.

Sasa nije kwa wauza miujiza, ambao nina hasira nao zaidi kuliko wauza duka, maana muuza duka angalau anakukabidhi kitu. Mwaka 1995 kampuni ya Syncronys ya Marekani ilikuwa ikiuza programu iitwayo SoftRAM, iliyoahidi kuongeza RAM maradufu bila kununua chipu hata moja. Ilinunuliwa na mamia ya maelfu ya watu. Wataalamu walipoichambua ile ya Windows 95 waligundua kwamba haifanyi ilichoahidi, na mwaka 1996 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia biashara iliichukulia hatua kampuni hiyo. Karibu miaka 30 imepita, na ahadi ile ile inapakuliwa kila siku chini ya majina yenye roketi na radi.

Zinavyofanya kazi si siri. Programu ya kusafisha RAM inazilazimisha programu nyingine ziachie kumbukumbu zilizokuwa zikiishikilia, na sehemu ya vilivyomo inahamishiwa kwenye diski. Namba ya RAM iliyo wazi inapanda, mwenye laptopu anafurahi. Sekunde chache baadaye gemu inahitaji kile kilichohamishwa, inabidi kisomwe tena kutoka kwenye diski iliyo polepole mno, na hapo ndipo picha inapoganda katikati ya pambano. Programu hiyo imetengeneza ule mkwamo ilioahidi kuuondoa. Zile zenye staha kidogo hufunga programu zilizo wazi nyuma, kazi ambayo Task Manager inaifanya bila matangazo. Funga kivinjari chenye vichupo ishirini. Hilo linasaidia kweli, na halihitaji roketi.

Kikwazo cha tatu ni pikseli, na kinachotuzuia hapa ni fahari. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600, na kila moja inapakwa rangi upya katika kila fremu. Ukishuka hadi 1280 kwa 720 zinabaki 921,600, pungufu ya nusu. Hakuna mpangilio mwingine unaoipunguzia grafiki dhaifu mzigo kama huo, ukifuatiwa na kuzima vivuli. Tena tangu Juni 2021 AMD imetoa FSR, mbinu ya kuchora picha ndogo kisha kuikuza kwa ustadi, wakaiacha wazi kwa kila mtu, na toleo lake la kwanza linafanya kazi hata kwenye grafiki za Intel. Lakini vijana wetu wamefundishwa kwamba picha iliyoshushwa ni ya maskini. Wanaacha kila kitu juu, wanapata fremu 14, wanasema mashine haiwezi.

Kushusha pikseli kuna faida nyingine: ndicho kipimo rahisi kuliko vyote. Cheza sehemu moja ya gemu kwa pikseli zote, andika idadi ya fremu. Shusha hadi chini kabisa, cheza hapo hapo, andika tena. Fremu zikiongezeka sana, grafiki ndiyo iliyokuwa imeelemewa na unajua pa kupunguza. Zisipobadilika, acha kusumbuka na picha: prosesa ndiyo inayolemewa, au joto, au RAM imejaa. Dakika kumi zinatosha. Namna hii ya kupima ingefundishwa kwanza kabla ya ushauri wowote wa kununua.

Nitaambiwa: hata ukifanya yote hayo utapata fremu 30, na siku hizi watu wanacheza kwa 60 au 144. Naheshimu hoja hiyo kwa anayeshindana kwa kulenga shabaha, kwani kwake milisekunde zina maana. Kwa wengine wote haina uzito unaodhaniwa. The Legend of Zelda: Ocarina of Time ya 1998, moja ya gemu zilizosifiwa kuliko zote, ilikwenda kwa fremu 20 kwa sekunde. Mwenzake wa 2017, Breath of the Wild, ilikwenda kwa 30. Macho yanachokichukia zaidi ni kuyumba: fremu 55 sasa hivi, 22 adui akitokea, kisha 48. Weka kikomo cha 30 na kila fremu inapata milisekunde 33 zake sawasawa. Kwenye skrini ya kawaida ya hezi 60, thelathini inagawanyika bila mabaki, jambo ambalo 40 haifanyi. Gemu inayokwenda 30 bila kutetereka inachezeka vizuri kuliko inayorukaruka kati ya 25 na 60, ingawa wastani wa hiyo ya pili ni mkubwa na ndio unaopigiwa kelele.

Iko hoja ya upande wa pili ambayo siikwepi. Ziko gemu ambazo laptopu hizi hazitazicheza kwa mbinu yoyote. Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 inadai kadi yenye vifaa vya kufuatisha miale ya mwanga. HD 520 haina vifaa hivyo, wala hakuna mpangilio wa kuviumba. Anayezitaka hizo anahitaji mashine nyingine, na mimi sitamdanganya. Lakini kutokuweza gemu hizo hakuifuti GTA San Andreas, ambayo kwenye kompyuta ilidai megabaiti 256 za RAM, wala Skyrim ya 2011, wala Dota 2, wala maktaba nzima ya gemu ndogo zinazotoka kila mwaka. Kusema “haichezi gemu” kwa sababu haichezi za mwaka huu ni kuchukua sehemu ndogo ya mlango na kuitangaza kuwa ni nyumba nzima.

Tena si kila uzito ni kosa la mashine ya mchezaji. Kwa miaka, watu waliocheza GTA Online walisubiri dakika nyingi gemu ifunguke, wakiwemo wenye kompyuta za bei kubwa, na ushauri ulikuwa ule ule: nunua diski ya kasi, nunua prosesa mpya. Mwaka 2021 mwandishi mmoja wa programu, nje ya kampuni, aliichunguza gemu kutoka nje akagundua kwamba inasoma faili la megabaiti 10 kwa njia mbovu, ikirudia hesabu moja mara nyingi kupita kiasi. Kwa marekebisho yake muda wa kusubiri ulipungua kwa karibu asilimia 70 kwenye kompyuta yake. Rockstar walikubali, wakalirekebisha kosa, wakamlipa dola 10,000. Wote walionunua vifaa vipya ili kuukwepa mkwamo ule walilipia kosa la mtu mwingine. Mtu mmoja aliyekataa kununua kabla ya kuuliza aliwasaidia kuliko duka zima.

Shinikizo la kutupa linazidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10, na prosesa za kizazi cha sita na cha saba, karibu zote, hazimo kwenye orodha ya Windows 11. EliteBook 840 G3 imo katika kundi hilo. Utasikia kwamba sasa basi imekufa kabisa. Haijafa: mfumo wa Linux unaendeshwa juu yake, na tangu 2018 Valve imekuwa ikitoa Proton, inayoziwezesha gemu nyingi za Windows kucheza huko. Si zote: Valorant, kwa ulinzi wake dhidi ya udanganyifu, haiendi. Lakini sehemu kubwa ya gemu zinazoufaa umri wa mashine hiyo zinakwenda.

Ninachodai kwa wauzaji ni kidogo. Kwenye kile kikaratasi cha bei, pamoja na “RAM 8GB”, waandike ni vipande vingapi na sloti ngapi ziko tupu. Waandike kama chaja ni ya asili. Waifungue mashine waitoe vumbi kabla ya kuiweka kwenye kioo. Na mwenye desturi ya kuwaambia vijana kwamba laptopu zao haziwezi, awaulize kwanza joto limefika nyuzi ngapi gemu ikiwa inakwenda, RAM imekaa kwa njia moja au mbili, na fremu ziliongezeka ngapi waliposhuka hadi 720. Akishapata majibu hayo matatu, ashauri anavyoona.